Chumba cha bure Kiseke au cha kulipia Malimbe?

*Shikamoo mama. Nimechaguliwa kusoma sheria SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, naanza Novemba. Natoka Kemondo, Kagera. Mwanza nimewahi kupita tu. Mjomba wangu anaishi Kiseke na amesema chumba kipo, nikae bure. Rafiki zangu waliotangulia wako Malimbe, wameniambia kuna chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi ila mwenye nyumba anataka miezi sita. Dalali mwingine ananiita Buhongwa, anasema huko ni nusu ya bei hiyo. Baba amesema niamue mwenyewe, ila pesa ni ile ile haiongezeki. Nikae wapi?*

Marahaba mwanangu, na hongera. Kabla sijasema lolote nikuambie mimi ni nani, maana ushauri wa nyumba huwa unanukia mfuko wa anayeutoa. Mimi ni dalali. Nimeshika funguo za vyumba vya watu kuanzia Butimba hadi Buhongwa tangu 2009, na mpangaji akilipa, mimi nachukua kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo nikikuambia usikae kwa mjomba, njoo upange, una haki ya kunitilia shaka. Nitilie. Hesabu nitaziweka hapa uzipige mwenyewe, na chumba utajitafutia bila mimi.

Mtu wa Mwanza ukimuuliza kama mahali ni mbali hakujibu kwa kilomita. Atakuambia ni gari moja, au ni magari mawili, au "gari moja halafu unapanda", na kupanda hapo si kupanda gari, ni kupanda mlima. Hicho ndicho kipimo chetu, na ndicho nataka ukitumie kupima vyumba vyako vitatu: unabadili magari mangapi, na ukishuka la mwisho kuna nini kati yako na mlango wako.

Mji wetu umebanwa kati ya ziwa na milima ya mawe, kwa hiyo njia kubwa za kutoka mjini ni tatu tu. Barabara ya Kenyatta inaelekea kusini, njia ya Shinyanga: Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa. Ya Nyerere inakwenda mashariki, njia ya Musoma: Mabatini, Nyakato, Igoma, Kisesa. Ya Makongoro inakwenda kaskazini, njia ya uwanja wa ndege: Kirumba, Pasiansi, Ilemela. Kiseke ya mjomba wako iko upande huu wa kaskazini, ndani ndani. Chuo chako kiko Malimbe, upande wa kusini, nacho hakiko barabarani: unashuka Nyegezi Kona, unatafuta chombo kingine cha kukuingiza ndani kuelekea ziwani. Yaani kila siku ya Mungu utaukata mji mzima, kutoka kichwani hadi miguuni, kisha uurudie.

Na mji una koo. Kutoka mjini kuja kusini hakuna uchochoro wa kukwepea. Magari yote yanapita Igogo na Mkuyuni, mlima huku, ziwa kule. Lori likiharibika pale saa moja asubuhi, wa Buhongwa na wa Butimba wote wanachelewa pamoja. Mvua kubwa zikija ndiyo usiseme, maana pale Mkuyuni maji yamewahi kuifunika barabara, watu wakasimama upande huu na huu wakitazamana.

Sasa hesabu ya chumba cha bure. Tuseme kila gari ni shilingi 600. Kutoka Kiseke ukiwa na bahati ni magari mawili, usipokuwa nayo ni matatu. Matatu kwenda na matatu kurudi ni 3,600 kwa siku. Siku 22 za vipindi kwa mwezi ni 79,200. Ukibahatika kupata mawili kila siku, asubuhi na jioni, ni 52,800. Chumba cha Malimbe ni 60,000. Wala usitegemee nauli ya mwanafunzi. Konda anaitambua sare ya shule, kitambulisho chako cha chuo atakiangalia kama kadi ya harusi iliyopita. Na kama utapata mkopo, Bodi ya Mikopo inakadiria chakula na malazi kwa shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Mtu anayetoa 3,600 kwa konda ametoa zaidi ya theluthi kabla hajanywa chai.

Hiyo ni pesa. Saa ndizo zinazouma zaidi. Kipindi cha saa moja na nusu asubuhi kitakutoa Kiseke saa kumi na moja na nusu, gizani. Jioni wenzako wa sheria ndipo wanapoanza diskasheni, na sheria haisomwi peke yako. Kesi ndefu mnagawana, kila mtu anasimulia yake. Kikundi kinakaa saa moja usiku mpaka saa tatu. Wewe saa kumi na mbili unaanza kuangalia saa. Nimewaona watoto wa namna hiyo, wako chuoni kwa mwili, akili iko Nyegezi Kona inawaza gari la mwisho. Katikati ya mwaka wa kwanza wananipigia: "Mama, una chumba chochote?" Wakati huo hakipo cha maana.

Halafu kuna kuishi kwa mjomba kwenyewe, na hapa sizungumzii ubaya wa mtu. Kwa ndugu hulipi kodi, unalipa zamu. Jembe la siku ya tatu litakuja kwa upole sana: mwanangu, kwa kuwa unapita mjini nichukulie kile, kwa kuwa leo huna kipindi, shinda na mtoto. Kukataa huwezi, na hupaswi kuweza, ndivyo tulivyolelewa. Lakini mitihani haijui kuwa mke wa mjomba alikuwa na msiba. Najua wasichana wawili waliomaliza vizuri wakiwa kwa ndugu, nao wote ndugu yao alikaa umbali wa gari moja.

Kwa hiyo jibu langu ni upande wa Malimbe. Ila Malimbe si jina la chumba, ni jina la mahali, na ndani yake kuna vyumba ambavyo nisingemweka hata mbuzi wangu. Hapo ndipo nitakaa kidogo.

Kwanza, mabweni ya chuo. Omba. Hayatoshi wote, lakini wa mwaka wa kwanza asiyeujua mji akipata kitanda bwenini, udalali wangu wote hauna kazi. Ukikosa, ndipo uendelee kusoma.

Mwanza chumba kikiwa rahisi kuliko majirani zake, tazama juu au tazama chini. Kipo juu ya mlima au kipo njia ya maji. Mimi mwenyewe nilipokuja mjini nikitokea Sengerema nilipanga juu ya Mabatini, katikati ya mawe, chumba safi, mandhari unaliona ziwa lote. Kodi ilikuwa kama bure. Siku ya tatu maji yakakatika, nikashuka na dumu la lita 20, nikapanda nalo kichwani nikipita kati ya jiwe na jiwe, sehemu nyingine unatanguliza mkono. Bodaboda hafiki, mgonjwa anashushwa kwa kubebwa, na gunia la mkaa unalipa mara mbili, la mkaa na la kijana wa kulipandisha. Nilihama kodi haijaisha. Huko Malimbe milima haijawa mikali kama ya Mabatini au Igogo, lakini mawe yapo, na nyumba zinazidi kupanda kila mwaka.

Kosa la chini ni langu kama dalali, na bado linaniuma. Septemba 2013 nilimpa kijana chumba bondeni, huku huku upande wa Nyegezi. Septemba kila kitu ni kikavu, chumba kinapendeza, rangi mpya. Rangi mpya! Sikujiuliza kwa nini imepakwa mpaka kiunoni tu. Mvua za Novemba zilipoanza alinipigia usiku wa manane, godoro liko juu ya meza, na yeye yuko juu ya godoro. Kamisheni yake nilimrudishia, lakini madaftari yalikuwa yamelowa. Tangu siku hiyo chumba nakikagua ukutani kwanza: kama kuna mstari wa uchafu ulionyooka, au plasta imevimba kwa chini, au rangi ya chini haifanani na ya juu, maji yamewahi kulala humo. Mvua zetu zinaanza Oktoba, zinapumzika kidogo Januari na Februari, zinarudi kwa nguvu mpaka Mei. Wewe unaingia Novemba, una bahati: subiri mvua inyeshe, vaa ndala, nenda ukakitazame chumba siku hiyo hiyo. Dalali atakwambia utaibiwa chumba. Mwache.

Maji ya bomba. Tangu chanzo kipya cha Butimba kianze kazi, kile chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, upande wetu wa kusini umepata nafuu kubwa. Ila maji kuwepo kwenye chanzo na maji kufika kwenye bomba la nyumba fulani ni mambo mawili, hasa nyumba ikiwa juu. Usimuulize mwenye nyumba kama maji yanatoka. Atasema yanatoka, naye hasemi uongo, yanatoka Alhamisi. Tazama koridoni. Hesabu madumu. Nyumba ya vyumba sita yenye madumu mawili matatu mlangoni, maji yapo. Nyumba ya vyumba sita yenye madumu thelathini yamepangwa kama askari, unajua. Kama kuna tanki kubwa, gonga ubavuni usikie kama limejaa au linalia.

Na kwa kuwa ziwa liko karibu na ninyi watu wa Kemondo mmezaliwa nalo, sitakufundisha. Nitasema tu kwamba kichocho kipo huku kama kilivyopo kwenu, na kila mwaka wageni wa bara wanaona maji ya Luchelele na Sweya yametulia, wanaingia kuogelea kwenye majani ya pwani. Konokono wanakaa humo humo. Bomba likikatika na watu wakaleta maji ya ziwani, yaache ndooni siku mbili kabla ya kuoga, au uyachemshe.

Umeme ndio ugomvi mkubwa wa nyumba za wanafunzi, kuliko hata muziki. Sikiliza vizuri. Mteja wa nyumbani anayetumia kidogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anauziwa kila uniti shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Zikiongezwa inafika kama 122. Akihamishiwa kundi la juu, uniti ni 292 kabla ya tozo, karibu 356 zikiongezwa. Sasa mwenye nyumba ana vyumba tisa na LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Watu tisa wenye pasi, feni, redio, na mmoja aliyeficha jiko la koili chini ya kitanda, hawawezi kubaki chini ya uniti 75. Nyumba nzima inanunua kwa bei ya juu, hata wewe mwenye taa moja na simu. Namna ya kujua ni rahisi: mwombe mpangaji akuonyeshe meseji ya LUKU ya mara ya mwisho. Kama shilingi 5,000 imeleta uniti kama 14, mko bei ya juu. Kama imeleta 40 hivi, bei ya chini. Na usome meseji yote, maana tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Hiyo ni ya mwenye nyumba kisheria, siyo yako. Wewe msomi wa sheria utajua namna ya kulisema hilo bila kufukuzwa. Nyumba ambayo kila chumba kina mita yake ndogo ndani, hata kodi yake ikizidi ya nyingine kwa 5,000 kwa mwezi, ichukue. Utalala.

Usalama sasa, na hapa naongea na binti. Nenda mchana, kisha rudi saa mbili usiku na rafiki yako mmoja. Tembea kutoka mnaposhukia mpaka mlangoni. Kuna taa? Kuna grosari ya pombe njiani, na wanaokaa nje wanasema nini msichana akipita? Kuna pagale, kuna shamba la mahindi? Novemba mahindi yako magotini, Februari yamekuzidi kimo. Hatua hizo mia mbili za mwisho ndizo zitakazoamua kama utakwenda kwenye diskasheni au utabaki chumbani, na ukibaki chumbani basi Malimbe na Kiseke ni sawa tu.

Dirisha liwe na nondo. Chuoni wezi wana kalenda kuliko wanafunzi, wanajua bumu, pesa ya mkopo, linatoka lini na nani kanunua laptopu. Wavu wa mbu dirishani nao uangalie, kanda ya ziwa malaria haijatuacha. Neti utakuja nayo, lakini dirisha lenye wavu mzima linakuokoa na vile vijidudu vinavyopanda kutoka ziwani kama moshi na kujaa kwenye taa mpaka uisome kesi gizani.

Na uliza kama mwenye nyumba anaishi humo humo. Wanafunzi wengi wanamkwepa, wanataka uhuru. Mimi kwa msichana wa mwaka wa kwanza napenda nyumba yenye mama mwenye nyumba ndani, hata kama ana maneno. Geti linafungwa, mgeni wa usiku anaulizwa jina. Mwenye nyumba mwanaume anayekaa peke yake na anayekuambia kodi "tutaelewana tu", huyo usielewane naye. Muulize mpangaji anayehama kwa nini anahama, na umuulize mkiwa wawili.

Buhongwa nitaipita haraka. Ni pazuri, soko lipo, panakua, na kwa anayefanya kazi mjini pana jambo moja tamu: magari yanaanzia huko, kwa hiyo asubuhi unapata siti. Wewe huendi mjini. Utapanda kurudi nyuma mpaka Nyegezi Kona, utashuka, utatafuta la Malimbe. Magari mawili kila upande. Piga ile hesabu ya juu: 52,800. Ongeza kodi ya 30,000 uliyotajiwa. Umeipita Malimbe kwa zaidi ya 20,000, na huyo dalali ameshakula kamisheni yake.

Mahali ambapo hukuniuliza ila ningekuuliza mimi ni Nyegezi yenyewe, kati ya Kona na njia ya Malimbe. Stendi iko pale, soko liko pale, ukitoka likizo na mizigo umefika. Kelele zipo, vumbi lipo. Lakini ni gari moja, na siku pesa imekata unatembea, mko wengi njiani. Kwa mtu anayepika mwenyewe, tofauti ya bei ya dagaa na nyanya kati ya sokoni na genge la jirani na chuo inaonekana kwa wiki moja tu. Malimbe kila kitu kimepangiwa bei kikijua mnunuzi ni mwanafunzi na kesho ana kipindi.

(Wanaosoma udaktari Bugando wasinifuate katika haya. Wao chuo kiko mjini, juu ya kilima na hospitali, na wakifika miaka ya wodini wanaitwa usiku. Kwao swali ni moja: naweza kwenda kwa miguu saa nane usiku?)

Sasa miezi sita. Kodi 60,000 mara sita ni 360,000, na dalali 60,000, jumla 420,000 kabla hujanunua godoro. Bumu la mwaka wa kwanza halikusubiri getini. Kuna kusajiliwa, kuna kusaini, kuna majina yasiyoonekana. Fedha hiyo ya kuanzia itoke kwa baba, usiahidi mtu kwa pesa ambayo haijaingia. Kisha tazama kalenda. Ukilipa sita kuanzia Novemba zinaisha Aprili, muhula wa pili haujafika mbali. Utadaiwa sita nyingine, Mei mpaka Oktoba, na wewe mitihani ikiisha mwezi wa saba unarudi Kemondo. Agosti, Septemba, Oktoba umelipia 180,000 ili panya wakae. Kwa hiyo usibishane na mwenye nyumba kuhusu 60,000 kuwa 55,000. Bishana kuhusu miezi. Mwombe minne, kisha mitano. Novemba watakucheka, kila mtu anatafuta. Katikati ya Desemba, vyumba vilivyobaki vikiwa bado vitupu, hawacheki tena. Au tafuta mwenzako mmoja mnayeelewana kulala na kuamka, mgawane. 30,000 kila mmoja kwa Malimbe ndiyo ile bei ya Buhongwa uliyoitamani.

Mkataba uwe wa karatasi, hata nusu ukurasa: kodi, tarehe, umeme na maji mnagawanaje, kitasa kikivunjika nani anatengeneza, ukitaka kuhama unatoa taarifa lini. Saini zenu na ya mwenyekiti wa mtaa kama shahidi. Pesa itume kwenye namba ambayo jina linalotokea ni lile lile la kwenye mkataba. Mjomba wake, shemeji yake, fundi wake, hapana.

Nisipokuambia haya ya wenzangu nitakuwa nimekuficha. Dalali akikuomba pesa ya kukupeleka kuona chumba, mpe nauli yake tu. Akikutumia picha ukiwa bado Kemondo na kusema tuma kidogo nikushikie, usitume. Vijana wanaiita kishika chumba, kama kishika uchumba. Tofauti ni kwamba bibi harusi huyu ameshaposwa na watu sita, na wote watafika na mabegi siku moja. Ujanja mwingine ni wa vyumba viwili vibaya: anakuonyesha pango, anakuonyesha shimo, kisha anakuonyesha chumba cha kawaida na unakiona Ikulu. Hilo nimelifanya mimi pia zamani, ndiyo maana nalijua. Dawa yake ni kwenda bila dalali. Malimbe ni ndogo. Shuka, tembea, muulize mama ntilie anayewauzia chai wanafunzi asubuhi. Anajua nyumba ipi watu wanahama kila muhula. Ukikutana na wazee asubuhi anza na "mwangaluka", hata kama ndilo neno pekee la Kisukuma unalolijua. Chumba ambacho hakijafika kwa dalali mara nyingi kiko mdomoni mwa bibi mmoja anayeanika michembe ya viazi.

Basi fanya hivi. Panda meli, ushukie bandarini asubuhi, uende Kiseke kwa mjomba. Kaa wiki mbili. Ndiyo, kwa mjomba. Zile wiki za kwanza ni za usajili na foleni, hutapoteza kitu, na safari ya kutoka Kiseke mpaka Malimbe utaijua kwa miguu yako badala ya kuamini maneno ya dalali. Wiki hizo mbili utembelee vyumba, mvua ikinyesha, usiku, na siku ambayo maji hayatoki. Utaambiwa vizuri vitaisha. Vitaisha vichache, na vingi katika hivyo vimechukuliwa na watu ambao hawakukagua ukuta.

Jambo la mwisho ni namna ya kumwambia mjomba, maana najua ndilo lililokufanya uandike. Usimwambie kwa simu, na usimwambie kwa hesabu ya nauli, atasema nitakupa nauli na atakupa wiki moja. Msimu wa senene ni huo huo wa Novemba. Mpelekee kopo moja kubwa, waliokaangwa vizuri, umkute ametoka kazini. Mwambie diskasheni za usiku zinaanza na unaogopa njia, kitu ambacho ni kweli, na umwombe aje yeye mwenyewe kukikagua chumba na kukaa na mwenye nyumba wakati wa kuandika mkataba. Chumba akikichagua yeye, hujakataa cha kwake. Na mwenye nyumba akishamwona mjomba mmoja mwenye sauti nzito amekaa kwenye kiti chake akisoma mkataba mstari kwa mstari, ile miezi sita huwa inapungua yenyewe.